Jina Moja katika Toleo Maalumu

Nakala zangu za toleo lile ziko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na sina mpango wa kumgawia mtu. Mwenzangu mmoja chuoni aliwahi kuniuliza kwa nini sijaweka hata moja kwenye kabati la ofisini, maana watu huonyesha kazi zao. Nikamjibu kwamba panya wa ofisini wana njaa sana. Akacheka, akaenda zake. Siku ile sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Mwaka 2013 nilikuwa nikifundisha chuo kimoja hapa Kasulu, mama mtu mzima mwenye miwani na hasira za karibu, nikapigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Aliyepiga alikuwa Mhariri Mkuu wa jarida la kitaaluma ambalo nilikuwa nimewahi kuliandikia. Alitaka niwe mhariri mwalikwa wa toleo maalumu. Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi: wanakuazima jarida lao kwa toleo moja, unachagua mada, unawatafuta waandishi, unawabembeleza wasomi wengine wazisome makala na kuzitathmini, unasahihisha, unagombana na kila mtu, halafu jina lako linawekwa ukurasa wa ndani kwa herufi za kusomea tochi. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu mada nilikuwa nayo tayari.

Mada yangu ilikuwa kuondoka. Kambi ya Mtabila, ya wakimbizi kutoka Burundi, ilikuwa imefungwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Ilikuwa jirani yetu muda mrefu kiasi kwamba watoto wetu waliikuta na kudhani imeumbwa pamoja na milima. Mimi ni mzaliwa wa Munanila, kule mpakani, na Kiha changu na Kirundi cha wale watu tunasikilizana bila mkalimani. Tulikuwa tukinunua mihogo kwao, wao wakinunua maharage kwetu, tukizikana na kuozana kimya kimya. Kisha malori yakaja, watu wakapandishwa na magodoro yao wakarudishwa Burundi, nyumba zao za udongo zikaangushwa. Soko la Kasulu likapoa. Nilichukia jinsi lilivyopoa, na nilichukia zaidi jinsi tulivyozoea upesi. Nilitaka watu waandike kabla hatujaanza kujifanya hatukumbuki.

Makala zikaanza kuja. Moja ilihusu kuni na misitu. Nyingine ilijaa grafu na majedwali, haikuwa na binadamu hata mmoja ndani yake, na mwandishi wake ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote nikimgusia koma. Ya mwisho ililetwa kwa mkono na mwalimu wa sekondari mmoja wa hapa mjini, mtu wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likang'aa. Alikuwa amekulia Mtabila. Alibaki kwa kuwa alikuwa ameoa Kasulu. Mama yake na dada yake walikuwa wamepanda lori.

Makala yake ilihusu makaburi. Alieleza jinsi familia zilivyoyaaga kabla ya kuondoka: wanawake waliofagia makaburi asubuhi ya safari utadhani wageni wanakuja, wazee waliokaa na wafu wao wakiongea nao kwa sauti ya kawaida, baba mmoja aliyekataa kabisa kwenda kwa kuogopa kwamba akifika hataweza kurudi. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikasahau kumkaribisha kiti. Katikati palikuwa na aya moja kuhusu mtoto wa miaka sita aliyekufa kwa homa wiki chache kabla ya malori, kaburi lake likiwa bado na udongo mbichi. Jina lake lilikuwa limeandikwa zima.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Ni mdogo wangu, Mwalimu."

Akanieleza. Siku ya kuondoka mama yake alisimama pale kaburini akautazama msalaba wa mti, wenye jina la mtoto lililoandikwa kwa rangi iliyobaki kwenye kopo. Akamwambia: "Wewe ndiye unajua kuandika. Huu musalaba utaliwa na muchwa. Umwandike mu kitabu." Hakumwagiza kitu kingine, wala hakulia. Akapanda lori.

Huenda wa mbali akaona ni jambo dogo. Lakini kwa Warundi, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu Waha, jina la mtoto halikuwa la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, limetafutwa kwa ajili yake, na ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake peke yake. Hakuna baba wala ndugu anayelibeba baada yako. Mtoto wa miaka sita hajaacha mke, hajaacha mtoto, hajaacha hata deni. Lile jina ndilo lililokuwa limebaki, na lilikuwa kwenye kipande cha mti porini, mahali ambapo sasa huingii bila kibali.

Nikamweleza utaratibu wa jarida: watu waliohojiwa kwenye utafiti hawatajwi kwa majina yao.

"Yeye hakuhojiwa, Mwalimu," akasema. "Alikuwa amekufa."

Nikaichukua makala.

Kazi ya kwanza ya mhariri ni kumficha mwandishi, ili wanaotathmini wasijue wanamtathmini nani. Nikautoa ukurasa wa kwanza wenye jina lake, nikautoa na wa mwisho wenye shukrani. Kwenye shukrani alikuwa amemtaja mtu mmoja tu kwa jina, dada yake, aliyekuwa akimpigia simu kutoka ng'ambo ya mpaka na kumkumbusha nani alizikwa wapi. Kurasa hizo nikazituma Dar peke yake, zihifadhiwe kwenye faili mpaka wakati wa kuchapa. Ndivyo inavyofanywa kila mahali.

Kisha tukasubiri. Wanaosubiri mvua hutazama mawingu angalau. Mimi nilikuwa nikienda duka la stesheneri la mzee mmoja mwenye asili ya Tanga, lenye intaneti iliyokuwa ikifanya kazi ikijisikia, kuuliza kama kuna chochote. Mtathmini wa kwanza aliisifu makala kwa mistari miwili na akaomba radhi kwa kuchelewa kwa mistari kumi. Wa pili aliandika mengi, mengine ya maana, na mwisho akauliza: jina la mtoto lina mchango gani kitaaluma? Akajijibu mwenyewe. Lifutwe.

Nilitukana pale dukani, kwa Kiha, nikidhani sieleweki.

"Mwalimu, leo wamekufanya nini?" akauliza mwenye duka.

Nikamsomea. Akatikisa kichwa, akasema wao Waislamu kaburini humwita maiti kwa jina lake na la mama yake, sasa hao wa Dar wanazikana vipi? Akanichapia karatasi zangu, akaendelea na wateja wengine.

Nikampigia Mhariri Mkuu. Nilimpigia siku hiyo, na wiki iliyofuata, na miezi iliyofuata. Alikuwa mtu mstaarabu, asiyepandisha sauti, na hilo lilizidi kunipandisha mori.

"Dada yangu, kanuni ni kanuni," alikuwa akisema.

"Kanuni inamlinda aliye hai asidhurike. Huyu atadhurika na nini tena?"

"Tukifungua mlango kwa mmoja, wote watapita."

"Waache wapite! Ni watoto wangapi waliokufa wanaosubiri kuingia kwenye jarida lako?"

Mwishowe nikamwambia nitaliondoa toleo zima, makala zote, na waandishi wote nitawaambia kwa nini. Sidhani kama ningethubutu. Yeye alidhani ningethubutu. Akavuta pumzi, akasema, "Haya. Jina libaki."

Prufu, zile kurasa za kukagua kabla ya kuchapa, zilipokuja, mwaka 2014 ukiwa unaishia, nilimwita yule mwalimu ofisini. Nikamwonyesha ukurasa. Jina lilikuwepo, herufi kwa herufi. Alifunika uso kwa mikono miwili akalia mbele yangu, mwanamume mzima, na mimi nikajifanya nasaka kalamu kwenye droo. Kisha akatoka nje kumpigia mama yake. Mtandao ulikuwa mbaya, kwa hiyo chuo kizima kilimsikia akipiga kelele: "Iko, mama! Iko mu kitabu!" Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na nilipika ubwabwa siku ya kazi.

Halafu ukaja 2015. Kuanzia mwezi wa nne Burundi ikachafuka na watu wakaanza kuvuka upya. Nilikwenda Munanila kwetu nikawakuta wamekaa kando ya barabara na vyungu na watoto, ndugu zangu wakiwapelekea uji. Baadhi tuliwafahamu. Walikuwa wametoka hapa juzijuzi kwa malori, sasa wamerudi kwa miguu. Toleo letu kuhusu kuondoka lilikuwa bado linasubiri foleni ya mchapaji. Mhariri Mkuu aliniambia kwenye simu kwamba kweli toleo limekuja wakati wake. Nikakata simu bila kuaga.

Mama wa yule mwalimu alivuka na binti yake, yule dada wa kwenye shukrani. Kuelekea mwisho wa mwaka walipelekwa kambi iliyofunguliwa upya upande wa Kibondo, na mama mguu ukamvimba mpaka akalazwa hospitalini mjini. Wakati huohuo Dar wakaniambia nakala zimetoka. Nikaomba zitumwe kwa basi moja kwa moja mpaka Kibondo, kwa sababu mimi na mwalimu tulikuwa tumeshapanga kwenda kumjulia hali mgonjwa.

Tulifika Kibondo tumejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kifurushi kilikuwa kwenye ofisi ya basi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na gundi ya nailoni iliyozungushwa mara nyingi. Nikaanza kuitafuta ncha kwa kucha pale pale kaunta. Mwalimu akaweka mkono wake juu ya kifurushi.

"Naomba, Mwalimu. Mama afungue mwenyewe."

Nani angemkatalia? Nikakibeba kwapani.

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imefika. Mama alikuwa nje ya wodi, amekaa kwenye nyasi, mguu umenyooshwa juu ya kitenge, binti yake ubavuni akimpungia nzi. Nilikuwa nimemfikiria mama huyo mkubwa, wa kutisha kidogo. Alikuwa mdogo, mwenye mikono ya mkulima na macho yaliyochoka. Alinisalimia "Amahoro, Mwarimu," akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza habari za watu wa Munanila utadhani mgonjwa ni mimi. Kisha mwanawe akamwekea kifurushi mapajani.

Akajifuta viganja kwenye nguo kwanza. Gundi akaing'ata kwa meno. Karatasi ilipoachia akatoa nakala moja, akainusa, akaipitishia mkono juu ya jalada.

"Ni kitabu kweli," akasema. Hajui kusoma. Akampa binti. "Soma. Soma kwa nguvu, na hawa basikie."

Hawa walikuwa wauguzaji wa wagonjwa wengine, wanawake waliokuwa wakianua nguo uani, ambao tayari walikuwa wamesogea. Mwalimu akamfungulia dada yake mahali makala inapoanzia. Binti alisomea shule ya kambini kwa Kirundi na Kifaransa, Kiswahili cha kwenye karatasi alikuwa akikifuata kwa kidole, polepole, akirudi nyuma akikosea. Alisoma kuhusu wanawake waliofagia makaburi. Mwanamke mmoja akasema "Ego", ndiyo, akakaa chini. Akasoma kuhusu baba aliyekataa kwenda. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, akisubiri. Nilikuwa nimekaa mkabala naye nikiona jinsi anavyosubiri, na nilijisifu kimoyomoyo kwa ugomvi wangu wote.

Binti akasoma: "Mtoto wa miaka sita, aliyeitwa..." Kidole kikasimama.

"Soma," akasema mama.

Binti akamtazama kaka yake. Akarudi mwanzo wa mstari na kidole chake. Mtoto wa miaka sita, aliyeitwa, na hapo akatamka jina lake mwenyewe, alikufa kwa homa, akazikwa mteremkoni wiki chache kabla ya malori.

"Soma vizuri."

"Ni hivyo imeandikwa, mama. Imeandikwa mimi."

Mwalimu akaichukua nakala, akaisoma, akanipa mimi bila kunitazama. Lilikuwa jina la binti, limeandikwa bila kosa. Juu yake palikuwa na nyota ndogo, na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama sisimizi: si jina halisi. Nikafungua nakala ya pili kana kwamba hiyo ingekuwa tofauti.

Nikanyanyuka nikaenda mpaka kwenye uzio, nikapiga simu Dar. Siku hiyo mtandao ulikuwa safi kabisa. Mhariri Mkuu akanihamishia kwa mtu wa dawati la uchapaji, naye akanieleza kwa adabu. Katika hatua ya mwisho kamati ya maadili ilikuwa imeamua kwamba jina libadilishwe, kanuni ni hiyo. Akahitaji jina la kubuni, la huko huko, lisisikike la uongo. Yeye hajui majina ya Kirundi. Akatazama kwenye faili akalikuta moja kwenye ukurasa wa shukrani, na kwa kuwa shukrani zenyewe zilikuwa zimeondolewa kwa kukosa nafasi, akaona halitagongana na kitu.

"Hukujiuliza ni la nani?"

"Hapana, mama. Nililiona ni jina zuri."

Mhariri Mkuu akarudi kwenye simu. Akasema amesikitika kwa dhati, na ninaamini alisikitika. Akasema toleo lijalo litakuwa na masahihisho.

"Mtaandika jina la mtoto?"

"Tutaandika kwamba jina lililotumika halihusiani na mtu yeyote."

Niliyomwambia baada ya hapo sitayarudia.

Niliporudi, wale wanawake walikuwa wamerudi nyuma, wamesimama mbali kidogo na kanga zao mikononi. Nakala ilikuwa imelazwa kifudifudi kwenye nyasi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa anachimba ardhi kwa kijiti. Mama alikuwa amemkazia macho binti yake, anamwangalia kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu.

Kisha mama akamwita. Alikuwa amekaa naye goti kwa goti, lakini alimwita kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani. Kwa Warundi mtoto akiitwa na mzazi huitika "Karame", ni kumtakia mzazi wake maisha marefu, na huwezi kuitwa ukakaa kimya.

"Karame," akaitika binti.

Akamwita tena, kwa nguvu zaidi. Watu wakatoa vichwa kwenye madirisha ya wodi.

"Karame."

Akamwita mara ya tatu.

"Karame, mama," akasema, analia sasa, amemkamata mama yake mkono. "Niko hapa. Karame."

Mama akatulia. Nilidhani yamekwisha. Akainua uso, na kwa sauti ileile akaliita jina lile jingine, lile la kwenye prufu. Mwalimu akaacha kuchimba. Kikombe cha bati kilianguka mahali fulani ndani ya wodi. Mama alisubiri, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kwa muda ambao mtoto aliye karibu angehitaji ili aitike. Hakuliita mara ya pili.

"Mwarimu," akaniambia, na hakuwa na hasira, ningefurahi kama angekuwa nayo. "Musimwandike tena. Oya, hapana. Mutaniulia na huyu."

Nikamwahidi. Nikazikusanya nakala zote, na ile ya kwenye nyasi, nikazifunga na karatasi yao ya kaki. Ndiyo maana ziko sandukuni chini ya kitanda, na ndiyo maana hata hapa sijaliandika jina la yule mtoto, ingawa ninalijua.